Mtani na Mtukanaji Kando ya Njia ya Baisikeli

Mashindano ya baisikeli ya watu wa ridhaa yamepata, katika miaka hii, aina ya mtazamaji ambaye wazee wa mchezo huo hawakumjua. Huvaa ngozi ya dubu ya bandia, au joho la askofu, au gauni la bibi arusi hali yeye ni mwanamume mwenye ndevu. Mkononi ana kengele ya ng'ombe. Husimama penye tope zito au penye mwinuko mkali, mahali ambapo mwendesha baisikeli hawezi kumkimbia, na hapo humzomea kwa jina lake, humwambia kwamba bibi yake angalipanda kilima kile kwa kasi zaidi, humnyoshea kopo la bia au noti ya dola moja aipokee akiwa mbioni. Juu ya mtazamaji huyu watu wamegawanyika. Wapo wasemao kwamba afukuzwe, maana ameugeuza mchezo kuwa ngoma ya wendawazimu. Wapo wasemao kwamba aachwe afanye apendavyo, maana amekuja kufurahi. Makundi yote mawili yamekosea, na kosa lao ni moja: hayakuuliza mtu huyu ni nani kwa yule anayemzomea.

Mfano ulio wazi wa jambo hili hupatikana Portland, mji wa jimbo la Oregon huko Marekani, katika mchezo uitwao saiklokrosi. Mchezo huu si mgeni duniani. Ufaransa ilifanya ubingwa wake wa kwanza wa taifa mwaka 1902, chini ya uongozi wa Daniel Gousseau. Ubingwa wa dunia ulianza Paris mwaka 1950. Na kuanzia 1967 hadi 1993 palikuwa na ubingwa mmoja wa waendeshaji wa kulipwa na mwingine wa waendeshaji wa ridhaa. Mbio zake hukimbiwa nje ya barabara, katika majira ya kupukutika kwa majani na ya baridi, juu ya mzunguko wa kilomita mbili na nusu hadi tatu na nusu. Njia hupita katika nyasi, mchanga na tope. Huwekwa viunzi vya mbao visivyozidi kimo cha sentimita 40, na mwendeshaji hulazimika kushuka, kuibeba baisikeli yake begani, kukimbia nayo, kisha kuirukia tena. Mzunguko hurudiwa mara nyingi kwa muda wa nusu saa hadi saa nzima.

Katika maumbile haya ya mchezo ndimo ilimozaliwa tabia ya watazamaji wake. Katika mbio za barabarani mtazamaji hungoja saa tatu ili aone rangi zikipita kama upepo, kisha hurudi nyumbani. Katika saiklokrosi mtu yule yule hupita mbele yake mara sita au mara nane, naye hupita polepole, maana tope humpunguzia mwendo mpaka akaribiane na mwenda kwa miguu. Neno alilorushiwa katika mzunguko wa kwanza analisikia. Katika mzunguko wa pili aweza kulijibu. Katika mzunguko wa tatu hujibiwa tena. Panakuwa na mazungumzo. Nayo mazungumzo ya mtu anayetweta na mtu aliyesimama hayawezi kuwa ya hotuba ndefu. Huwa ya mzaha, wa maneno mafupi yenye ncha.

Huko Portland mfululizo wa mashindano uitwao Cross Crusade ulianza mwaka 1993, na kufikia mwisho wa muongo wa kwanza wa karne hii siku moja ya mashindano iliweza kukusanya waendeshaji zaidi ya 1,000. Wengi mno wa hao hawalipwi kitu. Ni walimu, mafundi, makarani, wauguzi na wanafunzi, waliotoa ada mfukoni mwao ili wakachafuke. Mwisho wa mwezi wa Oktoba, karibu na siku ya Halloween ambapo Wamarekani huvaa maleba, waendeshaji hao nao huingia mashindanoni katika maleba. Kwa miaka kadhaa mbio hizo zilifanyika Astoria, mji ulio mdomoni mwa mto Columbia. Mwaka 2007, mjini Portland pia, palianzishwa mashindano ya saiklokrosi ya baisikeli za gia moja yaliyojiita ubingwa wa dunia, ingawa hapana chama cha kimataifa kilichoyapa jina hilo. Na sharti la mshindi wake ni kukubali kuchorwa mwilini alama ya wino isiyofutika. Msomaji aweza kuona hapa upuuzi mtupu. Lakini upuuzi uliopangwa kwa bidii hivi, na ukadumu hivi, una kazi uifanyayo, na haifai kuuhukumu kabla ya kuijua kazi hiyo.

Ama wale wakali, hoja zao ni tatu. Husema kwanza kwamba maleba na zomeo hushusha thamani ya jasho: mtu amejizoeza miezi mingi, kisha anazungukwa na watu waliovaa kama vinyago. Husema pili kwamba aliyelipa ada ana haki ya kushindana bila ya kusumbuliwa. Husema tatu kwamba mchezo unaojicheka hautaheshimiwa na wakuu wala na wenye fedha. Hoja hizi zina sura ya busara. Hata hivyo, zimekwisha kujaribiwa ulimwenguni kwa muda mrefu, na matokeo ya jaribio hilo yameandikwa.

Jaribio lilifanyika Uingereza. Mwaka 1894, katika mashindano ya chama cha North Road, farasi wa bibi mmoja aliyekuwa garini alishtushwa na kundi la waendesha baisikeli. Palikuwa na maanguko, na mashtaka yakapelekwa polisi. Miongoni mwa walioanguka alikuwamo F. T. Bidlake, mtu mwenye neno kubwa katika mchezo huo. Wakuu wa baisikeli wakaingiwa na hofu kwamba serikali itawafukuza barabarani kabisa. Chama cha taifa kilikataza mbio za kundi katika barabara za wote, na Bidlake akaongoza namna nyingine ya kushindana: kila mtu peke yake, akikimbizana na saa. Mashindano ya kwanza ya namna hiyo yalifanyika Oktoba 1895. Tangu hapo ikajengwa desturi ya ajabu. Mbio zilianza alfajiri, kabla watu hawajaamka. Njia zilitajwa kwa alama za siri ili asiyehusika asizijue. Matangazo ya mapema yalikatazwa. Na mwendeshaji alitakiwa kuvaa nguo nyeusi tokea shingoni mpaka kwenye vifundo vya miguu, asije akatambulikana kuwa yumo mashindanoni.

Basi huo ndio mchezo ambao wakali wa leo wanautamani: mchezo wenye heshima timilifu, usio na kelele, usio na kicheko, usio na macho ya mtu. Vazi lake pia lilikuwa maleba, ila yalikuwa maleba ya kujificha. Jasho lilimwagika, saa ilihesabu, na aliyeshinda alirudi nyumbani mitaa ingali imelala. Mtu aliyekuwa hana ndugu mwendesha baisikeli aliweza kuishi na kufa bila ya kujua kwamba mchezo huo uko. Wakati huo huo, ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari, Wafaransa, Wabelgiji na Waitalia walisongamana kando ya barabara zao, wakapiga kelele, wakawapa mabingwa wao majina ya utani, na mchezo ukawa mali ya taifa.

Jibu la Waingereza wenyewe lilikuja tarehe 7 Juni 1942. Percy Stallard aliwapanga waendeshaji 40 waanze kwa pamoja kutoka Llangollen hadi Wolverhampton, mwendo wa maili 59, mchana kweupe, mbele ya watu. Polisi hawakumzuia, waliokasirika ni wakuu wa mchezo wake mwenyewe, wakamfungia yeye na wenzake. Mwaka ule ule wakaunda chama chao, na ugomvi uliofuata ulidumu mpaka 1959 ambapo vyama viliunganishwa. Stallard hakuwa mtu wa mzaha hata kidogo. Lakini aliona jambo moja ambalo wakali wa leo wamelisahau: mchezo unaowakimbia watu, watu nao huukimbia. Dharau kubwa kuliko zote kwa mwendesha baisikeli si kuzomewa. Ni kupita mbele ya mtu naye asiinue macho.

Hapo hoja ya tatu ya wakali imeanguka, na ya kwanza imetikisika. Maana jasho la aliyevaa manyoya ya jogoo si pungufu kuliko jasho la aliyevaa shati la chama chake. Tope halitazami nguo. Kiunzi cha sentimita 40 humwangusha jogoo kama kimwangushavyo bingwa, na mapafu yao huungua sawasawa. Tena maleba yana kazi ambayo shati la mashindano haliwezi kuifanya. Shati la mashindano humtenga mvaaji na watu: lina majina ya wafadhili, linabana mwili, linasema kwamba huyu ni wa jamii ya wajuzi. Na katika michezo ya ridhaa hilo mara nyingi ni uongo mdogo, kwa kuwa mvaaji wa shati la thamani kubwa aweza kumaliza wa mwisho. Mwenye gauni la bibi arusi ameutupa uongo huo mlangoni. Amejitolea kuchekwa kabla mtu hajamcheka. Mgeni aliyekuja kutazama, na mtoto aliyeletwa na wazazi wake, huona kwamba mahali hapa si pa mashujaa peke yao, na pengine mwaka ujao huja naye na baisikeli yake kuukuu.

Ipo hoja ya pili, ya haki ya mshindani, nayo ni nzito kuliko hizo mbili. Kuijibu kunataka neno ambalo Kiswahili kinalo na lugha nyingi hazina. Neno hilo ni utani. Kila msomaji wa Kiswahili anajua kwamba mtani si mtu yeyote tu apendaye kucheka. Mngoni humtania Mhehe, na Mhehe humtania Mngoni, kwa sababu babu zao walipigana vita katika karne ya 19 na wakafahamiana kwa mkuki kabla ya kufahamiana kwa mzaha. Mtani hupewa ruhusa ya kusema msibani maneno ambayo mtu mwingine akiyasema angalipigwa. Ruhusa hiyo ina bei yake: siku ya msiba wa mtani, yule aliyetaniwa jana ndiye atakayekuja kutania, na wa jana hana haki ya kununa. Utani ni deni linalozunguka. Mzaha usio na zamu ni tusi lililovaa kilemba.

Sasa utazamwe mpango wa siku ya saiklokrosi ya ridhaa. Mbio haziwi moja. Ni nyingi, kundi baada ya kundi, tangu asubuhi hadi jioni: wanaoanza, wenye umri mkubwa, wanawake, wenye gia moja, kisha mafundi wa mchezo. Aliyekimbia saa tatu za asubuhi yuko kando ya kamba saa tano, tope halijamkauka masikioni, na namba yake ya karatasi ingali imebanwa mgongoni. Huyo ndiye anayezomea. Na anayezomewa ndiye aliyesimama pale pale asubuhi, akimzomea yeye. Kila mmoja analijua tope analolicheka, kwa sababu limekwisha kumwangusha. Kila mmoja anajua kwamba zamu yake ya kuchekwa imepita au inakuja. Huu ni utani kamili, ingawa wenyewe hawana neno lake. Na ndiyo maana maneno makali kama yale hayaachi jeraha. Mshindani hakunyimwa haki yake. Ameikopesha, naye atalipwa kabla ya jua kuchwa.

Kutokana na hayo hupatikana kipimo ambacho wakali hawakukiona. Mtazamaji asihukumiwe kwa ukali wa neno lake wala kwa ajabu ya vazi lake. Ahukumiwe kwa jambo hili: je, ana namba mgongoni? Namba hiyo yaweza kuwa ya karatasi, au yaweza kuwa ya desturi, yaani kujulikana kwake na kuwa tayari kwake kupokea alichotoa. Mwenye namba ni mtani. Asiye na namba ni mpita njia aliyeokota jiwe.

Kwa kipimo hicho hicho walegevu nao wanashindwa, tena vibaya kuliko wakali. Walegevu husema kwamba zomeo ni sehemu ya mchezo, na asiyeweza kulivumilia akae nyumbani. Maneno haya ni ya mtu anayetaka ruhusa ya mtani bila ya kulipa deni la mtani. Mahali pa kuyaona matunda yake ni mbio za watu wa kulipwa, ambako waendeshaji ni wachache, watazamaji ni maelfu, na zamu imekatika kabisa. Mwaka 1975, katika Tour de France, mtazamaji alimpiga ngumi Eddy Merckx alipokuwa akipanda Puy de Dôme. Mwaka 2015 Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kuanza mbio za baisikeli huko huko Kenya, alimwagiwa mkojo na mtazamaji katika mashindano hayo hayo, huku akiitwa mtumia dawa. Mwaka 2021, siku ya kwanza ya Tour, mtazamaji alijitokeza barabarani na bango la kuwasalimu babu na bibi yake, akaipa mgongo mbio ili kamera imwone. Tony Martin akaligonga, na kundi zima likaanguka juu yake. Mahakama ilimtoza mtazamaji huyo faini ya euro 1,200. Mwaka 2025, katika Paris–Roubaix, chupa iliyojaa ilirushwa ikampiga Mathieu van der Poel usoni.

Mfano ulio karibu zaidi na habari hii ni wa saiklokrosi yenyewe. Desemba 2023, huko Hulst nchini Uholanzi, van der Poel alizomewa mpaka akatema mate kuwaelekea waliomzomea. Akatozwa faini ya faranga 250 za Uswisi. Hapana haja ya kulitetea tendo lake. Mate ni mate. Lakini sura ya kesi ile yafaa itazamwe na kila mwenye kusema kwamba asiyevumilia akae nyumbani. Mwendeshaji alikuwa na namba, alikuwa na jina, alikuwa na mwamuzi juu yake, na faini ilijua mahali pa kumkuta. Kundi lilikuwa halina namba. Lilisema likiwa wengi, na lilipojibiwa likawa si mtu yeyote. Hapo ndipo mtani na mtukanaji wanapoachana: mtani hutafuta kujibiwa, mtukanaji hustaajabu anapojibiwa.

Walegevu watasema kwamba hayo ni mambo ya watu wa kulipwa, na kwamba mbio za ridhaa ni za marafiki. Ingekuwa kweli daima, makala haya yasingehitajiwa. Lakini mbio za ridhaa zikipendwa huvuta watazamaji ambao hawakukimbia asubuhi wala hawatakimbia jioni. Wanaona maleba, wanasikia mazomeo, wanaona makopo ya bia. Wanayachukua yote matatu, wanaacha namba. Mbegu ya Hulst haiko mbali na shamba hilo. Katika kilima cha Yorks Hill, jimboni Kent, ambako chama cha Catford hufanya mashindano yake ya kupanda kilima, mashindano yaliyoanza mwaka 1887, njia ni nyembamba msituni na mwinuko wake hufikia asilimia 25. Watazamaji husimama kila upande, mdomo wao karibu na sikio la mpandaji, wakimwachia njia ya kupita mmoja tu. Mwendeshaji wa ridhaa hapo hana ulinzi ila adabu ya watu. Adabu ikiwapo, kelele ile humnyanyua kilimani kama mkono. Adabu isipokuwapo, mtu mmoja mlevi mwenye mkia wa joka mgongoni atosha kumvunja mfupa wa bega.

Basi mipaka haina budi kuwekwa, nayo isiwekwe na wakali, kwa sababu wakali hawajui wanachokilinda. Mpaka wa kwanza ni mwili. Kumnyoshea mwendeshaji kopo au noti ni kumtia majaribuni. Aweza kuipokea, aweza kuikataa, na akipokea huenda akapoteza nafasi yake, maana kanuni za kimataifa za saiklokrosi hukataza kupokea chakula na kinywaji njiani isipokuwa siku za joto. Hiari ni yake. Kumrushia bia ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa hiari yake imeondolewa. Kadhalika kumgusa, kumsukuma, kushika gurudumu, na kukimbia ubavuni pake kwa joho refu linaloweza kunaswa na mnyororo. Kuanzia 1993, kwa miaka mingi, Mjerumani Didi Senft alihudhuria Tour de France amevaa mavazi mekundu ya shetani na mkuki wenye ncha tatu, akirukaruka kando ya barabara, mpaka akawa sehemu ya mandhari yenyewe. Watu walimjua kwa jina na kwa uso. Shetani aliyejulikana hivyo alikuwa na adabu kuliko malaika wengi waliokuja na chupa mikononi.

Mpaka wa pili ni neno. Mtani wa baisikeli hucheka kilicho cha baisikeli: gia aliyoichagua mtu vibaya, woga wake mbele ya kiunzi, namna alivyoanguka, baisikeli ya thamani iliyopitwa na kuukuu. Hayo mtu aliyachukua mwenyewe alipojiandikisha, na aweza kuyarekebisha Jumapili ijayo. Rangi yake, unene wake, kabila lake, na kwa mwanamke umbo la mwili wake, hakuyaleta mashindanoni ili yahukumiwe, na mzunguko ujao hautayabadili. Anayeyasema hayo akijikinga kwa kisingizio cha mzaha aulizwe kama yuko tayari kuambiwa ya kwake na kila apitaye. Aghalabu hayuko tayari. Wanawake katika mbio hizi huanza wakiwa wachache, na uchache hukata zamu: mmoja anazomewa na mia, naye atawazomea wangapi? Penye uchache, mtani mwenye akili hupunguza ulimi wake bila ya kuambiwa.

Mpaka wa tatu ni mgeni. Mtu anayekimbia kwa mara ya kwanza hajaingia bado katika deni. Hajui kwamba zomeo lile ni karibu. Aweza kudhani kwamba ni hukumu, akaenda zake asirudi. Desturi njema, nayo yaonekana katika viwanja vingi vya ridhaa, ni kwamba wa mwisho hushangiliwa kwa kelele iliyo kubwa kuliko ya wa kwanza, na aanzaye huitwa kwa maneno ya kumtia nguvu mpaka atakapothubutu mwenyewe kusimama kando ya kamba na kumcheka mtu. Siku hiyo amekuwa mtani. Walegevu hulidharau jambo hili, wakisema kwamba mchezo si shule ya watoto wachanga. Lakini mashindano ya ridhaa huishi kwa wageni. Ada zao ndizo zikodishazo uwanja na kumlipa mtunza saa, na kila mgeni aliyekimbizwa na ulimi ni kundi la mwaka kesho lililopungua.

Mpaka wa nne ni uso. Maleba yanayomfanya mtu aonekane yana faida. Maleba yanayomfanya asijulikane yana hatari. Mwenye gauni la bibi arusi na uso wazi amejitia rehani. Mwenye kinyago kilichofunika uso wote, asiyejulikana na yeyote, amepata silaha. Si lazima vinyago vipigwe marufuku; yatosha kwamba mwenye kuficha uso afunge mdomo, na mwenye kufungua mdomo afunue uso. Kanuni hii haihitaji askari. Inahitaji watu wenye sauti uwanjani waiseme na kuisimamia.

Na hapo ndipo lawama inapowarudia watayarishaji. Wengi wao wamekwisha kuchagua moja ya njia mbili za mkato. Mmoja hutundika ubao wa makatazo marefu, akafukuza kengele na maleba pamoja na matusi, kisha akashangaa kwa nini watu wamepungua. Mwingine huuza bia tangu asubuhi, akasimamisha hema la pombe kwenye kona kali kuliko zote, kisha akasema kwamba hakuna awezaye kulitawala kundi. Wote wawili wamekwepa kazi yao. Kazi yao ni kuilinda zamu: kupanga mbio za makundi mengi siku moja ili waliokimbia wabaki wawe watazamaji, kuweka pale penye tope na kiunzi watu wazee wa mchezo, wenye namba zao mgongoni, ambao vijana huwaogopa kwa sababu ni hodari zaidi wa kutania, kufanya mbio fupi ya jioni kwa ada ndogo, ili yule aliyekuja kucheka tu apewe baisikeli ya kuazima, aingizwe kwenye tope lile lile alilolichekea, na ajue lina kina gani.

Atakayekataa mwaliko huo ana haki ya kukataa, na ana haki ya kutazama na kupiga makofi kama kila mtu. Haki ya kuzomea hana. Hiyo haiuzwi mlangoni pamoja na kopo la bia, wala haipatikani kwa kuvaa ngozi ya dubu. Hupatikana kwa kuanguka mbele za watu, kuinuka na tope usoni, kusikia kicheko chao, na kuendelea mpaka mwisho wa mbio. Wakali waache kuwakataza wale waliokwisha kuilipa bei hiyo. Walegevu waache kuwatetea wale ambao hawataki kuilipa.